Mazoea ya Nyumbani Yanayodhuru Afya Kimyakimya: Mwongozo Kamili wa Kuyakagua na Kuyabadili

Mama mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, alikaa mwaka mzima akipika mchuzi chapwa kwa sababu mumewe aliambiwa ana presha ya kupanda. Kibakuli cha chumvi alikifungia kabatini, na ufunguo akatembea nao kwenye pindo la kanga. Presha haikushuka. Siku niliyokaa jikoni kwake nikamwona anatupia bonge la magadi kwenye sufuria ya maharage, kisha kijiko cha unga wa mchuzi wa pakiti, na pembeni kipande cha papa mkavu kinasubiri zamu yake.

"Mama, na hayo magadi?"

"Magadi si chumvi, mwanangu. Haya ya kulainishia tu."

Magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, na ndiyo mgonjwa wa presha anayotakiwa kuipunguza. Unga wa mchuzi nao umejaa chumvi, na papa alihifadhiwa kwa chumvi tangu pwani. Kilichofungiwa kabatini kilikuwa sehemu ndogo tu ya chumvi iliyokuwa ikiingia tumboni mwa mzee.

Nilipomuuliza kwa nini lazima magadi, jibu lake halikuwa la upishi. Maharage bila magadi yanakula mkaa wa saa tatu, na mkaa ni bei. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo tangu siku hiyo nalitumia katika kila nyumba ninayopita kama mhudumu wa afya wa jamii: zoea lina kazi linayoifanya. Ukilikataza bila kuipa kazi hiyo kitu kingine, litarudi kabla hujavuka kizingiti. Mwongozo huu umejengwa juu ya wazo hilo. Sitazungumzia sigara wala pombe, maana madhara yake kila mtu anayajua. Nazungumzia yale ambayo mkono unayafanya wenyewe huku akili iko kwingine.

Hatua ya 1: Andika siku yako kabla ya kubadili chochote

Chukua daftari la shule, gawa ukurasa katika safu nne: nini, saa ngapi, kiasi gani, kwa nini. Andika siku mbili, moja ya kazi na moja ya mapumziko. Usijirekebishe ukiwa unaandika. Ukianza kujifanya mwema siku ya kwanza, daftari litakudanganya.

Safu ya "kwa nini" ndiyo yenye mali. "Chai saa 12, vijiko vinne" haikuambii kitu. "Chai saa 12, vijiko vinne, kwa sababu sili tena mpaka saa 8" inakuambia kwamba sukari ile ni chakula cha asubuhi, na usipotafuta kiporo cha viazi au yai, hutaweza kuipunguza hata ukiapa.

Kumbukumbu ya binadamu kuhusu chumvi na sukari ni ya uongo, kwa hiyo acha pakiti zikuhesabie. Unapofungua pakiti ya chumvi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Ikiisha, andika tarehe tena. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu. Pakiti ya nusu kilo ni gramu 500, yaani sehemu 100. Nyumba ya watu wazima watano inapaswa kukaa nayo siku 20 kwa uchache. Ikiisha siku ya 9, jibu unalo, na hapo hujahesabu mkate, chipsi za njiani wala dagaa wa chumvi. Mkiwa na watoto, ikae zaidi, kwa sababu wao wanahitaji kidogo kuliko sisi.

Sukari fanya vivyo hivyo. Shirika hilo linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi 25. Kilo moja kwa watu watano, kwa kiwango cha 25, inakaa siku 8. Kwa kiwango cha 50, siku 4. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai, kwa hiyo anayekunywa soda mchana ameshamaliza fungu lake la siku kwa ule ushauri wa 25, na chai bado hajaigusa.

Hatua ya 2: Anza na yanayoua kwa usiku mmoja

Watu wengi huanza na uzito au sukari. Mimi huanza na mkaa, kwa sababu presha inakupa miaka ya kujirekebisha ilhali jiko la mkaa chumbani halikupi hata kucha.

Ukienda Njombe, Makete au Lushoto mwezi wa sita na wa saba, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Jiko linawashwa nje, linaachwa mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha linaingizwa ndani na mlango unafungwa. Chumba cha mzazi na kichanga ndicho kinachopewa jiko la kwanza, kwa nia njema kabisa. Kosa liko kwenye imani kwamba moshi ukiisha, hatari imeisha. Mkaa uliokwisha kushika unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Gesi hiyo hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, ikakalia nafasi ya hewa unayoihitaji. Aliyelala haamki kukohoa. Anazidi kusinzia.

Dalili kwa walio macho ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, msitafute malaria kwanza. Fungueni milango, tokeni wote, mpelekeni aliyelegea hospitali, na mkifika semeni wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Jenereta nayo ina hatari hiyohiyo: isikae ukumbini, kwenye korido wala chini ya dirisha.

Kazi ya jiko lile ilikuwa joto. Basi lipate mbadala. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara yenye kifuniko kinachobana, izungushie kanga mbili, iweke chini ya blanketi dakika 20 kabla ya kulala, na itoe kabla ya kumlaza mtoto. Ziba nyufa za mlango kwa matambara, maana sasa hamna moto ndani wa kukudhuru. Kichanga akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, amevikwa kofia na soksi. Hakuna jiko linaloshindana na kifua cha mama. Na kama lazima jiko liingie ili chumba kipate joto, liingie mlango ukiwa wazi, na litoke kabla mtu wa kwanza hajalala. Dirisha lililoachwa nafasi ya kidole si kinga.

Tukiwa hapohapo kwenye jiko: acha kuwashia mkaa kwa nailoni. Najua kwa nini watu wanafanya hivyo, mkaa wa masika umelowa na watoto wanasubiri uji. Lakini moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta ni yule aliyeinama anapepea, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Pwani tuna vifuu na makumbi ya nazi. Bara kuna magunzi na vijiti vya misonobari. Weka mfuko wa vifuu vikavu chini ya meza ya jikoni tangu kiangazi. Ubwabwa nao usiufunike kwa mfuko wa plastiki. Jani la mgomba lilifanya kazi hiyo kabla nailoni haijaja.

La mwisho katika hatua hii ni chupa ya soda yenye mafuta ya taa, au dawa ya mende, au jiki. Mtoto wa miaka miwili hasomi, anatambua umbo la chupa. Kila kisicholiwa kirudi kwenye chombo chake chenye lebo, juu kuliko kichwa cha mtu mzima. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, kwa sababu yakirudi juu yataingia mapafuni. Mkimbize hospitali ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Hatua ya 3: Ikague chai, maana ina makosa matatu katika kikombe kimoja

Kosa la kwanza ni moto wake. Mwaka 2016, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Saratani yenyewe ni ya umio, ile watu wanaiita ya koo, na jambo hili linatuhusu kuliko wengi: ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini una wagonjwa wengi wa saratani hiyo. Sababu si chai peke yake, pombe na tumbaku zimo. Ila chai ndiyo rahisi kuirekebisha. Kipimo chake hakihitaji kifaa: kama unalazimika kufyonza kwa sauti ukivuta hewa ili usiungue, bado ni ya moto mno. Mimina, nenda ukamfunge mtoto viatu, kisha rudi unywe. Mgeni naye mmiminie mapema. Kumpa mgeni chai inayochemka bado ni heshima kwa wengi wetu, na sitegemei kuiondoa. Nasema tu mpe na muda wa kuzungumza.

Kosa la pili ni sukari. Usiikate ghafla, ulimi utaasi na wiki ijayo utarudi kwenye vijiko vitano. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ongeza iliki, mdalasini, tangawizi au mchaichai, kwa sababu kazi moja ya sukari ni kuficha chai isiyo na ladha. Na tumia kijiko kimoja nyumba nzima: "vijiko viwili" vya baba vilivyolundikwa kama kichuguu ni vinne vya mtu mwingine.

Kosa la tatu halijulikani sana, na ndilo linalowaumiza kina mama. Majani ya chai, na kahawa pia, yana vitu vinavyoshika madini ya chuma ya mchicha, maharage na dagaa tumboni, yakatoka bila kutumika. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu kwa chai ya rangi anapoteza sehemu ya faida yake. Nimeona kadi za kliniki za wanawake wanaomeza kila siku bila kukosa, damu haipandi, na wanaambiwa hawamezi. Weka nafasi ya saa moja hadi mbili kati ya chai na mlo mkuu au vidonge hivyo. Meza kwa maji, na ukipata chungwa au ndimu ni bora zaidi, kwa kuwa vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini. Mjamzito anayetafuna udongo vilevile asichekwe. Hamu hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuwa na minyoo au madini ya risasi. Apimwe damu.

Hatua ya 4: Chumvi, presha, na kipimo kisichodanganya

Turudi kwa mama wa Tandika. Tulichofanya kwanza ni kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji yale na kupika kwa maji mapya. Yaliiva bila magadi kwa mkaa mchache kuliko alivyotarajia. Papa tulimloweka akabadilishiwa maji mara tatu, na akawa kitoweo cha mara moja kwa wiki. Unga wa mchuzi ulibadilishwa na kitunguu saumu, nyanya iliyokaangwa vizuri, bizari na ndimu ya mwisho. Chumvi ikatolewa kabatini ikarudi jikoni, maana mchuzi uliokuwa chapwa ndio uliomfanya mzee aende kula supu ya makongoro kwa muuzaji, na huko hakuna aliyekuwa akipima chumvi. Sheria ilikuwa moja: chumvi inatiwa mara moja, sufuriani, kwa kijiko. Mezani haifiki.

Baki na chumvi yenye madini joto. Wako wanaohamia chumvi ya mawe wakidhani ni ya asili na salama, kumbe sodiamu ni ileile, na kinga ya rovu wameipoteza.

Presha haiumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania alikuwa nayo, wengi wao bila kujua. Kipimo cha haraka ukiwa umesimama foleni, umetoka kupanda ngazi, mkojo umekubana na muuguzi anakuuliza maswali, kitasoma juu. Fanya hivi: usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, nenda haja, kaa kitini dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu isipishane. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo, na mkanda wa kipimo ufungwe juu ya ngozi, usipite juu ya sweta. Nyamaza. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, nenda kituo cha afya ukiwa na namba zako kwenye daftari lile la hatua ya kwanza.

Zoea baya kuliko yote katika presha ni kuacha dawa ukijisikia vizuri. "Nimepona, nimeacha." Hukupona, ni dawa inafanya kazi. Kama zinakuletea kikohozi au kukulegeza, au bei imekushinda, sema. Ziko za aina nyingi na daktari anaweza kubadilisha. Kinachokuangusha ni kuziacha kimyakimya.

Hatua ya 5: Duka la dawa

Duka la dawa lina mambo mawili ambayo hospitali haina: liko karibu, na hakuna foleni. Ndiyo maana watu wanaingia na kuagiza dawa kama wanavyoagiza vitumbua. "Nipe za maumivu za mia tano." "Nipe zile rangi mbili." Duka moja ninalolifahamu liliwahi kumuuzia jirani yangu vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu hela yake iliishia hapo, bila neno. Dozi ya siku mbili haikumponya. Iliwaua wadudu dhaifu ikawaacha sugu, na safari iliyofuata dawa ile haikumfaa tena.

Antibayotiki haitibu mafua, wala vikohozi vingi vya kawaida, kwa sababu hivyo huletwa na virusi. Homa ni lazima ipimwe kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu na robo saa hivi. Kikionyesha malaria, dawa mseto humezwa mara 6 katika siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, hata kama homa imeisha siku ya pili. Usimbakizie mdogo wako.

Dawa za maumivu ndizo zinazonitisha zaidi, hasa diklofenaki na ibuprofeni. Wabeba mizigo, mafundi ujenzi na kina mama wenye mgongo wanazimeza kila jioni kama njugu. Zikitumiwa mfululizo zinachuna ukuta wa tumbo mpaka kidonda, zinapandisha presha, na zinaumiza figo, zaidi kwa mtu anayefanya kazi juani bila kunywa maji ya kutosha. Kwa mwenye presha, kisukari, vidonda vya tumbo, au mjamzito, si dawa za kujinunulia. Parasetamoli ni nafuu kwa tumbo, ila nayo ina mpaka: kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayezimeza pamoja anazidisha bila kujua, na anayebeba mzigo huo ni ini.

Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji mambo haya: Dawa hii inaitwaje na imo nini ndani? Nimeze ngapi, mara ngapi, siku ngapi? Kabla au baada ya kula? Inapatana na dawa zangu za presha au sukari? Inaisha muda lini? Akikasirika, tafuta duka jingine. Na dada zangu mnaonunua deksamethasoni ili mnenepe: lile si umbo, ni uvimbe na mafuta, na dawa hiyo inapandisha sukari ya damu, inadhoofisha mifupa na kushusha kinga. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiikate kwa siku moja, aende kwa daktari amshushe taratibu.

Hatua ya 6: Ghala, kikaango na ndoo ya maji

Sumukuvu haina ladha ya kukuonya. Inatengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa. Mwaka 2016 ikapiga Dodoma na Manyara na kuua watu karibu 20. Hayo ni maafa ya dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku ndiyo ya kimyakimya: huliharibu ini polepole hadi saratani.

Kipimo cha nyumbani kipo. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi mpaka theluthi, funga na utikise vizuri kwa dakika moja au mbili. Acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi, yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Chambua yaliyovunjika, yenye rangi ya kijani au nyeusi, na usiwape kuku wala kuyatengenezea pombe, kwani sumu itazunguka na kurudi mezani. Karanga chungu iteme, usiimeze kwa aibu.

Mafuta ya kukaangia yaliyokuwa meusi, mazito, yenye povu na harufu kali yamekwisha. Yachuje baada ya kila mkaango, yatumie mara mbili tatu, kisha basi. Maji yaliyochemshwa yanaharibiwa na kikombe kinachochovywa na kila mkono; nunua ndoo yenye bomba, au tumia kata yenye mpini mrefu inayotundikwa ukutani.

Hatua ya 7: Mwili wenyewe

Hapa nitapita haraka. Nta ya sikio hutoka yenyewe; njiti ya kiberiti, ufunguo na kijiti cha pamba vinaisukuma ndani na vinaweza kutoboa ngoma. Hedifoni zisizidi asilimia 60 ya sauti, na ukivua masikio yakilia, ulizidisha. Simu ilale chumba kingine, na kengele ya kukuamsha ifanywe na saa ya kawaida.

Mkorogo nausimamia kidogo zaidi. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Ngozi inakuwa nyembamba, haiponi kidonda, na zebaki inafika kwenye figo, kwa mjamzito inafika hadi kwa mtoto. Kopo lisilo na orodha ya viambato, au lililochanganywa dukani mbele yako, halifai kupakwa.

Wanawake wa sokoni wana zoea ambalo wanaume hatulioni: hawanywi maji toka asubuhi ili wasilipie choo, au kwa sababu choo chenyewe hakiingiliki. Matokeo ni mkojo unaochoma na maambukizi yanayojirudia. Wenzao wa Temeke niliowatembelea walikubaliana kuchanga kila mmoja kidogo kwa wiki, wakamlipa msimamizi wa choo kwa jumla, na msimamizi akapata sababu ya kukisafisha. Kunywa maji kukaacha kuwa gharama.

Na kutembea. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kuanzia, ni kama nusu saa kwa siku tano. Shuka kituo kimoja kabla ya chako.

Hatua ya 8: Badili mahali pa vitu

Chagua zoea moja, si matano. Soma safu ya "kwa nini", tafuta kitu kingine kitakachofanya kazi hiyo, kisha hamisha vitu: maharage yalowekwe wakati wa kuosha vyombo vya usiku, vidonge vya damu vikae karibu na ndoo ya maji na si karibu na chupa ya chai, vifuu vikae pale nailoni zilipokuwa. Waambie wa nyumbani, hasa anayepika. Mabadiliko ya siri jikoni huzua ugomvi. Baada ya wiki sita, andika tena siku mbili na ulinganishe daftari na daftari.

Yako mambo yasiyosubiri wiki sita. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla, chakula kukwama kooni, kinyesi cheusi kama lami, kupumua kwa shida, mkojo kupungua huku miguu inavimba: hayo ni ya hospitali leo.

Mara ya mwisho kufika Tandika, pakiti ya chumvi ilikuwa juu ya rafu, wazi, ina tarehe ya kalamu ya siku 16 nyuma na bado robo yake imebaki. Mzee alisoma 138 kwa 86. Alikuwa amekasirika kwa jambo jingine kabisa, kwamba ndimu za mti wake zote zinaishia kwenye mchuzi.